Ajali Imetokea: Nani Alipe, na Tuanzie Wapi?



Barabara za Tabora zimebadilika. Mababu zetu waliijua njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo begani kwa miezi, na aliyeugua au kuumia mara nyingi aliachwa kijiji cha njiani, msafara ukaendelea. Mwaka 1912 reli ikafika. Leo lami inatoka mjini kuelekea Nzega, Urambo, Sikonge na Manyoni, na juu yake yanapita mabasi, malori ya tumbaku, bodaboda, watoto wa shule na baiskeli za mkaa. Tunashukuru kwa lami. Lakini mwendo umeongezeka, na ajali zinatugusa karibu kila parokia, kila mtaa na kila kijiji tunakofanya kazi.

Katika toleo hili tunaeleza jambo moja ambalo familia nyingi hulijua wakati umeshapita: baada ya ajali nani anawajibika, bima inafanya kazi gani, na mtu afanye nini ili haki yake isipotee.

KOSA LETU WENYEWE

Ni vema tuanze na kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita pikapu ya mradi wetu ilikuwa ikirudi kutoka kijijini upande wa Sikonge, giza likianza kuingia. Ilimgonga baba mmoja aliyekuwa kwenye baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Akavunjika mguu. Dereva wetu alisimama, akampakia na kumpeleka hospitali. Hilo alifanya vizuri.

Baada ya hapo tulikosea sote. Tulikaa na wazee wa kijiji na ndugu wa majeruhi, tukaongea kwa upole, tukatoa pole ya shilingi 300,000 na kulipia dawa za mwanzo. Karatasi ikaandikwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba mambo yameisha na hakuna anayemdai mwenzake. Tukasaini, tukashikana mikono, tukasali pamoja. Polisi hawakuitwa. Na kwa kuwa hospitali ingeuliza fomu ya polisi, ilielezwa kwamba mzee ameanguka mwenyewe na baiskeli. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye faili lake.

Mguu haukuunga sawasawa. Ilihitajika operesheni ya pili, na shamba la tumbaku likabaki kwa mke wake peke yake. Tulipokwenda kwenye kampuni ya bima tuliulizwa ripoti ya polisi, ramani ya tukio na ripoti ya ukaguzi wa gari. Hatukuwa na hata moja. Tuliulizwa pia kwa nini tuliahidi na kulipa fedha bila kuwashirikisha. Familia ilipopata mtu wa kuwashauri kisheria, miaka mitatu ilikuwa imepita, na cheti cha hospitali kilikuwa bado kinasema ameanguka na baiskeli.

Tulichangishana, tukalipa sehemu ya operesheni. Lakini gari lile tulilikatia bima kila mwaka. Fedha ya kumtibu na kumfidia yule baba ilikuwepo, ila sisi wenyewe tulimfungia mlango. Tunaandika haya ili wengine wasirudie.

MTU WA TATU NI NANI?

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza mtu yeyote kutumia chombo cha moto barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Wengi huilipia ili trafiki wasiwakamate, basi. Hawajiulizi huyo wa tatu ni nani.

Wa kwanza ni mwenye gari. Wa pili ni kampuni ya bima. Wa tatu ni watu wengine wote wanaoweza kuumizwa na gari lile: mtembea kwa miguu, mwenye baiskeli, mama anayeuza maembe kando ya barabara, mtu aliye katika gari jingine. Kwa hiyo bima hii, ambayo watu huiita bima ndogo, haitengenezi gari la mwenye kuilipia wala haimtibu yeye. Imewekwa kwa ajili ya yule atakayemuumiza. Anayetaka gari lake mwenyewe lilindwe hukata bima kubwa.

Sheria inalazimisha bima hiyo ihusu kifo na majeraha ya mwili. Mikataba mingi huongeza pia uharibifu wa mali, kama vile baiskeli, ukuta au gari la mwenzako, lakini ni lazima usome mkataba wako uone kiwango chake.

Kwa miaka mingi bima ndogo ya gari dogo binafsi imekuwa ikilipiwa shilingi 118,000 kwa mwaka, kodi ikiwa ndani yake. Linganisha na gharama ya mguu mmoja uliovunjika, ndipo utaona kwa nini anayeendesha bila bima anahatarisha nyumba yake na ya jirani yake.

AJALI MOJA, KESI MBILI

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Ajali moja huweza kuzaa mambo mawili tofauti.

La kwanza ni kesi ya jinai. Dereva aliyeendesha kwa uzembe anashtakiwa na Jamhuri kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Akitiwa hatiani anaweza kutozwa faini au kufungwa. Faini hiyo inakwenda serikalini. Majeruhi hapati hata senti moja kutoka humo.

La pili ni madai ya fidia. Haya ni ya majeruhi mwenyewe au familia ya marehemu, na hakuna atakayeyaanzisha kwa niaba yao wasipoyaanzisha wao. Tumekutana na familia zilizokaa nyumbani zikingoja kuitwa kuchukua fidia kwa sababu dereva alishalipa faini. Zilingoja mpaka muda ukaisha.

Hata hivyo kesi ya jinai inasaidia. Hukumu ya mwisho inayomtia dereva hatiani, muda wa kukata rufaa ukishapita, ni ushahidi mzito katika madai ya fidia. Kwa hiyo fuatilia kesi ile, jua namba yake, hudhuria, na mwishoni omba nakala ya hukumu.

Na nani anadaiwa? Dereva aliyekosea anadaiwa. Mwenye gari naye anadaiwa ikiwa dereva alikuwa mfanyakazi wake na alikuwa katika kazi yake. Ndiyo maana taasisi kama yetu haiwezi kusema, "Ni kosa la dereva, mfuateni yeye." Tulimtuma sisi.

SAA ZA KWANZA

Haya ndiyo tunayowafundisha madereva wetu sasa, na yanamfaa kila mtu:

1. Simama. Wasaidie walioumia. Kama watu wamekasirika na maisha yako yamo hatarini, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukajisalimishe na kutoa taarifa. Huko si kukimbia.

2. Toa taarifa polisi bila kuchelewa, hata kama wote mmekubaliana. Magari yasiondolewe kabla trafiki hawajapima na kuchora ramani, isipokuwa kwa ajili ya kumwokoa mtu.

3. Aliye mahututi apelekwe hospitali kwanza. Ndugu mwingine apite polisi kuchukua PF3, ile fomu ambayo daktari hujaza majeraha aliyoyaona. Hospitalini semeni ukweli juu ya kilichotokea. Neno la uongo kwenye faili la siku ya kwanza ni gumu sana kulifuta baadaye.

4. Andika namba ya usajili wa gari, jina la dereva, jina la mwenye gari, na jina la kampuni ya bima. Siku hizi stika ni za kielektroniki, na mtu anaweza kuhakiki bima ya gari kwa namba ya usajili kupitia mtandao wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Piga picha kwa simu: gari, alama za breki, mahali palipotokea ajali.

5. Chukua majina na simu za mashahidi wawili au watatu. Muuza duka aliye kando ya barabara ni shahidi mzuri kuliko abiria wa basi ambaye kesho atakuwa Mwanza.

6. Dereva na mwenye gari waijulishe kampuni ya bima mapema, kwa maandishi. Wasikiri kosa kwa karatasi wala kuahidi kiasi cha fedha kabla kampuni haijajua. Kusema "pole sana ndugu yangu" si kukiri kosa. Kuandika "nitalipa milioni mbili" ni jambo jingine kabisa.

KARATASI NI USHAHIDI

Gharama ulizotumia mahakama huzitaka kwa ushahidi, shilingi kwa shilingi. Tunza risiti za dawa, picha za eksirei, magongo, nauli ya kwenda kliniki na malipo ya aliyekuhudumia. Maumivu na ulemavu hakimu huyapima mwenyewe, lakini naye atahitaji ripoti ya daktari inayosema ulemavu ni wa kiasi gani.

Wakulima wengi hudhani hawawezi kuthibitisha kipato kwa kuwa hawana hati ya mshahara. Sivyo. Kama unalima tumbaku, chama chako cha msingi cha ushirika kina kumbukumbu za kilo ulizouza na fedha ulizolipwa. Zichukue za misimu miwili au mitatu kabla ya ajali. Mwenye mizinga anaweza kuonyesha mauzo ya asali, na mama lishe daftari lake. Barua ya mtendaji wa kijiji nayo husaidia, ingawa haitoshi peke yake.

Funga karatasi zote kwenye mfuko mmoja wa nailoni, na utoe nakala. Ukiombwa, peleka nakala. Ikibidi kukabidhi karatasi halisi, hakikisha unasainiwa kwamba imepokelewa.

NJIA YA KUDAI FIDIA

Hatua ya kwanza ni barua ya madai. Mwandikie dereva na mwenye gari, na nakala ipelekwe kwenye kampuni ya bima. Eleza ajali, majeraha na gharama, na uambatanishe nakala za taarifa za polisi, PF3, ripoti ya daktari na risiti. Madai mengi humalizika hapa kwa mazungumzo.

Kampuni ikikubali kulipa, italeta hati ya kuridhia malipo. Soma kabla ya kusaini. Kwa kawaida ukisaini umekubali kwamba kiasi kile ndicho cha mwisho. Kama bado unatibiwa na daktari hajasema mwisho wake, usiharakishe. Mguu unaweza kuonekana umepona mwezi wa tatu na kusumbua mwezi wa tisa.

Mkishindwana, zipo njia mbili. Mwenye malalamiko dhidi ya kampuni ya bima anaweza kwenda TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Njia ya pili ni mahakama. Hapo ni lazima ujue utaratibu wa sheria yetu: anayeshtakiwa ni dereva na mwenye gari, si kampuni ya bima. Ukishinda, ndipo sheria inailazimisha kampuni kulipa ile hukumu. Lakini kampuni iwe imejulishwa kwa maandishi juu ya kesi kabla haijafunguliwa au siku chache tu baada yake. Wapo walioshinda kesi wakabaki na hukumu mkononi kwa sababu taarifa hiyo haikutolewa.

Muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka mitatu tangu ajali. Inaonekana mirefu, lakini mwaka mmoja huisha hospitalini na mwingine kwenye mazungumzo ya "njoo wiki ijayo". Barua za kampuni na ahadi za simu zisikufanye usahau kuhesabu.

Jihadharini na vishoka. Hawa huja hadi wodini wakijidai wakili au afisa wa bima, wanachukua karatasi halisi na kuwasainisha watu mikataba ya kugawana fidia. Wakili wa kweli ana ofisi na anajulikana. Asiye na uwezo aulize wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017; wapo katika wilaya nyingi.

IKIWA NI MSIBA

Mtu akifariki, fidia inadaiwa kwa ajili ya waliomtegemea: mjane au mgane, watoto na wazazi. Hutakiwa cheti cha kifo na msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo hukaa, muhtasari huandikwa, na mtu aliyependekezwa huenda mahakamani kuteuliwa. Kwa familia nyingi vijijini ni Mahakama ya Mwanzo.

Tunaomba wanaukoo watusikilize. Msimamizi si mrithi. Anashika fedha kwa niaba ya wenye haki na atatoa hesabu mahakamani. Mjane anaweza kuteuliwa kuwa msimamizi, na mara nyingi ndiye anayefaa, kwa sababu ndiye anayejua ada ya mtoto inalipwa lini.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Baiskeli yangu haikuwa na taa. Je, nina haki?
Unaweza kuwa nayo. Kama pande zote mbili zilikosea, mahakama hupunguza fidia kwa kadiri ya kosa lako. Haiifuti yote. Lakini fungeni taa, tafadhali.

Nilipewa lifti kwenye gari binafsi. Bima inanihusu?
Si lazima. Sheria inalazimisha bima iwahusu abiria pale gari linapobeba watu kwa malipo, au wafanyakazi wanaosafirishwa kwa mkataba wa kazi. Katika gari binafsi inategemea mkataba, kwa hiyo mwenye gari aulize wakati wa kukata bima. Abiria anaweza bado kumdai dereva aliyekosea.

Na bodaboda?
Pikipiki inayobeba abiria kwa malipo inapaswa kuwa na bima inayomhusu na abiria. Kama imekatiwa bima ya matumizi binafsi, kuna tatizo. Kama haina kabisa, utamdai mwendeshaji na mwenye pikipiki mwenyewe, na mali zao mara nyingi ni pikipiki ileile.

Kwaya yetu husafiri kwenye lori la muumini. Kuna ubaya?
Upo. Lori limekatiwa bima ya mizigo, na wanakwaya si mizigo. Ajali ikitokea kampuni inaweza kukataa, na muumini yule mwenye moyo mwema atadaiwa yeye. Kodini basi. Ni ghali, lakini ni nafuu kuliko misiba.

Niliuza gari lakini kadi bado ina jina langu.
Nenda TRA na mnunuzi mbadilishe jina. Gari likigonga mtu, jina lililo kwenye kadi ndilo la kwanza kuandikwa kwenye barua ya madai.

Niliumia nikiwa safarini kikazi.
Mwajiri wako anapaswa kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Mkumbushe mapema.

JE, KUPATANA NI VIBAYA?

Hapana. Kutembeleana, kupeleka unga na sukari na kuombana msamaha ni desturi yetu, na ni agizo la imani yetu. Dereva asiyekwenda kumwona aliyemgonga kwa kuogopa bima atakuwa ameelewa vibaya yote tuliyoandika.

Ila msamaha ni kitu kimoja na fidia ni kitu kingine. Yule baba wa baiskeli alitusamehe siku ileile, na bado anatusamehe. Msamaha wake haukumnunulia magongo. Kwa hiyo mnapotoa msaada wa dharura, na kampuni ya bima imeshajulishwa, andikeni waziwazi namna hii: "Fedha hizi ni msaada wa matibabu na chakula. Si kukiri kosa, wala haziondoi haki ya majeruhi kudai fidia." Maneno hayo yanamlinda anayetoa na anayepokea.

Tangu kosa lile, kila gari na pikipiki yetu ina karatasi ndani yenye namba ya polisi, namba ya kampuni ya bima na zile hatua sita hapo juu. Dereva haruhusiwi kumaliza jambo barabarani, hata likionekana dogo. Tunawaomba viongozi wa vikundi, walimu na wenyeviti wa vitongoji waisome makala hii kwa sauti kwenye mikutano yenu. Na mwenyekiti, siku ukiletewa karatasi ya "tumeyamaliza" uigonge muhuri, uliza kwanza swali moja: PF3 iko wapi?

Mungu awalinde njiani, na wale waliokwisha kuumia tusiwaache kando ya barabara msafara ukaendelea.